MEP-803A: injini inakimbia vizuri, volti hazipandi

KisimaKirefu
Wakuu, habari za kazi. Kuna jenereta MEP-803A ya kW 10, masalia ya jeshi la Marekani, injini yake Lister Petter LPW4. Imekaa muda mrefu bila kuwashwa. Betri mbili mpya zimefungwa kwa mfuatano, 24V. Inawaka bila shida na haina mlio mbaya, ila mita ya volti iko sifuri na ya Hz pia sifuri. AVR (kidhibiti volti) ni ghali, sitaki kuagiza kwa kubahatisha. Nianzie wapi? Na ikipona, itasukuma pampu ya kisima ya hospawa 3 ya 50 Hz?

Dizeli24
Mkuu, usiagize chochote kwanza. Mita ya Hz isikutishe, inasoma umeme wa jenereta yenyewe na si mwendo wa injini. Volti zikiwa hazipo, nayo inalala hata kama injini iko kwenye mizunguko 1800 kwa dakika.

Anza na namna unavyowasha. Wengi wanaachia swichi mara tu injini inaposhika. Kwenye mashine hii unaishikilia kwenye START mpaka sindano ya volti ipande, ndipo unaiachia irudi. Usiogope starta, injini ikishika inakatwa yenyewe. Ukiwa START, betri inapeleka umeme kidogo kwenye koili ya eksaita (kijenereta kidogo cha ndani kinacholisha usumaku wa jenereta kuu) kuamsha usumaku. Jenereta iliyolala miaka inapoteza usumaku wa mabaki, haiwezi kujianza.

Ikigoma bado, zima, chomoa waya mbili za koili ya eksaita kutoka kwenye AVR, upime omu. Zikisoma kuwa zimekatika, tatizo umelipata. Zikiwa na usomaji, hakikisha breka ya mzigo iko OFF, washa, kisha gusisha betri ya 12V kwenye hizo waya, chanya kwa chanya, ukipitisha dayodi ili umeme usirudi. Mwenzako aangalie mita.

KisimaKirefu
Asante mkuu. Kushikilia START hakukusaidia. Kwa betri ya 12V volti zilipanda vizuri, nikitoa betri zinaanguka.

Dizeli24
Basi rota (sehemu inayozunguka), dayodi zinazozunguka nayo na stata kuu (koili zisizozunguka) ni vizima, vingekuwa vibovu volti zisingepanda hivyo. Kwa kuwa START nayo haikuamsha kitu, njia yote ya kwenda eksaita ina shaka, si AVR peke yake. Chomoa plagi zote za AVR, safisha pini kwa dawa ya kontakti, panya na kutu ya kijani ni adui mkubwa hapo. Kisha pima kama volti za DC zinafika kwenye waya za eksaita ukiwa START. Zisipofika, fuata relei na fyuzi za njia hiyo kwa mchoro wa kitabu cha ufundi cha jeshi, TM 9-6115-642-24. Zikifika, halafu zikapotea ukiachia, pima waya zinazoilisha AVR kutoka kwenye stata. Zikiwa na umeme na AVR haitoi, hapo agiza.

Waindingi_Mkuu
Kwanza soma kibao chake: 803A ni 60 Hz, MEP-813A ni 400 Hz, na kwa nje zinafanana sana. Ya 400 Hz haifai kwa mota za kawaida.

Kuhusu pampu, usiifunge moja kwa moja. Mota ya 50 Hz ikipewa 60 Hz inakimbia 20% zaidi, na pampu ya kisima inadai nguvu kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, yaani kipeo cha tatu: 1.2 × 1.2 × 1.2 ni 1.73. Hospawa 3 inataka zaidi ya 5, mota inaungua ndani ya kisima na kuitoa ni gharama.

Kushusha gavana (kidhibiti mwendo wa injini) mpaka mizunguko 1500 kunawezekana, ila 230V kwa 50 Hz inajaza usumaku kwenye chuma cha jenereta 15% zaidi ya 240V kwa 60 Hz. Eksaita na AVR zinapata moto, na feni ya injini imepungua mwendo. Ukilazimika, usivuke kW 6.

Nzuri zaidi ni inveta ya mota (kifaa cha kubadili Hz, VFD) inayopokea fezi moja ya 240V na kutoa fezi tatu za 220V, ukiiwekea mwisho 50 Hz. Haijali kinachoingia ni 50 au 60. Sharti mota ya pampu iwe ya fezi tatu, volti 220. Ya fezi moja yenye kapasita haifai.

Nyutro_Sio_Ethi
Jambo linalosahaulika: kwenye 240V ya mashine hii waya zote mbili ni moto, kila moja 120V mpaka nyutro. Swichi za kwetu zinakata upande mmoja tu, kwa hiyo kifaa "kilichozimwa" bado kinashika mtu. Weka breka ya kukata waya mbili kwa pamoja, na usiunganishe waya yoyote ya 240 kwenye nyutro ya nyumba. Swichi ya kuchagulia volti isiguswe injini ikizunguka.

Na usiiendeshe na taa tatu tu. LPW4 ikikosa mzigo inaacha dizeli isiyoungua, moshi mweupe na uchafu mweusi unaotoka kwenye ekzosi. Hita za maji za jumla ya kW 7.5 kwa saa kadhaa zinausafisha. Redio ya 12V usiivute kwenye betri moja, itakufa kabla ya mwenzake.