Helmeti ipi inafaa kwa safari ya kila siku kwenye barabara kuu?

Mkazi wa Kihonda

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaendesha pikipiki ya CC 150 kutoka Kihonda hadi Mikese kila siku ya kazi, na sehemu kubwa ya safari ni barabara kuu ya Dar es Salaam, ambako malori na mabasi hayapungui. Nimekuwa nikitumia helmeti ya wazi, na sasa ninataka kuibadilisha. Dukani nimeonyeshwa aina tatu: ya wazi yenye kioo kirefu, iliyofunga uso wote, na ile ambayo sehemu ya kidevu hunyanyuliwa juu. Ninavaa miwani, joto la Morogoro mnalijua, na Jumapili mke wangu hupanda nyuma. Mngenishauri ninunue ipi, na nikague nini kabla ya kulipa?

Fundi wa Msamvu

Kwa barabara uliyoitaja, ndugu yangu, chagua inayofunika kidevu. Uchunguzi wa helmeti za watu waliopata ajali nchini Ujerumani ulionyesha kwamba karibu thuluthi moja ya mapigo yaliangukia eneo la kidevu, na hilo ndilo eneo ambalo helmeti ya wazi huliacha bila kinga yoyote. Kioo kirefu huzuia vumbi na wadudu, lakini hakizuii lami.

Kwa kuwa unavaa miwani, ile ya kunyanyua itakurahisishia, ila usiichukue kabla ya kusoma lebo iliyoshonwa kwenye mkanda. Helmeti zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22 huwa na herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa idhini, kisha namba ya idhini yenyewe. Ikianza na 06, ni toleo jipya, ambalo limeongeza kipimo cha pigo la mshazari, yaani lile linalozungusha kichwa. Baada ya hapo tafuta herufi: P humaanisha kwamba sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga, J kwamba kidevu hakikufunikwa, na NP kwamba kidevu kimefunikwa lakini kifuniko hicho hakihesabiwi kuwa kinga. Zipo za kunyanyua zenye NP, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba amefunga uso wote. Stika iliyobandikwa nyuma pekee isikutosheleze, kwa sababu kuigiza stika ni kazi nyepesi sana.

Msafiri wa Mikumi

Ninakubaliana na fundi kuhusu kidevu, lakini kwangu swali la kwanza ni ukubwa, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa kuwa tunanunua ile inayoingia kichwani kwa urahisi. Zungusha futi ya fundi cherehani juu kidogo ya nyusi na sehemu iliyotokeza zaidi kisogoni. Katika chapa nyingi, sentimita 57 hadi 58 ni M na 59 hadi 60 ni L, ingawa kila kiwanda kina vipimo vyake. Helmeti mpya inapaswa kubana mashavu bila kuacha sehemu moja inayouma kwenye paji la uso. Funga mkanda, kisha mwombe mtu ashike ukingo wa nyuma na kuusukuma juu kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso, irudishe rafuni hata kama ina lebo zote. Halafu kaa nayo dukani kwa dakika kumi hivi ukiwa umevaa miwani yako, na muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo mwache.

Epuka pia zilizokwisha kutumika. Povu gumu la ndani hufanya kazi kwa kubonyea, na likibonyea halirudi, ilhali ganda la nje linaweza kuonekana zima kabisa. Kuhusu joto, tazama matundu ya hewa na bitana inayotoka ili uifue kwa sabuni ya kawaida; petroli na tina ya kuyeyushia rangi zisiguse ganda la plastiki, kwa sababu huliharibu.

Abiria wa Nyuma

Kaka, usimsahau shemeji. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69, na anayekaa nyuma huanguka kwenye lami ileile. Mnunulie yake, naye aende mwenyewe dukani kupima akiwa na mtindo wa nywele anaosuka mara kwa mara. Nywele zilizofungwa fundo utosini huinua helmeti, ikakaa juu ya kichwa badala ya kukivaa; zilizosukwa kulala au kufungwa chini ya kisogo hazileti taabu hiyo.

Mkazi wa Kihonda

Ninawashukuru sana. Nitatafuta ya kunyanyua yenye P, nasi tutakwenda kupima pamoja. Je, kioo cheusi kinafaa? Asubuhi jua hunipiga usoni.

Fundi wa Msamvu

Chukua kioo cheupe, kwa sababu kuna siku utarudi giza limeingia, na kama bajeti inaruhusu tafuta yenye kioo kidogo cha jua kinachoshuka kwa ndani. Kioo kikichubuka, kibadilishe mapema, kwani taa za malori usiku hutawanyika kwenye michubuko hiyo na barabara isionekane.