Shule za bweni: maabara ya kompyuta mnatuonyesha, bweni mnalificha!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, na wenye shule mlioko humu usomeni mpaka mwisho.

Mzazi anakuja kutafuta nafasi. Anapitishwa maabara ya kompyuta, anaonyeshwa basi jipya na ukuta wa picha za waliofaulu, kisha anakalishwa ofisini na kukabidhiwa fomu. Akiuliza bweni anajibiwa, "Samahani mzazi, watoto wanapumzika." Saa nne asubuhi! Watoto wako darasani, anayepumzika nani? Huko ndiko mtoto anakolala, anakooga, anakougulia na anakoonewa, na ndiko kusikoonekana. Hii ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na sisi wazazi gunia tunalibeba huku tunacheka.

Tuanze na huo "ufaulu asilimia 100". Asilimia 100 ya wangapi? Ombeni namba mbili tu: walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani wa mwisho kutoka kundi hilohilo ni wangapi. Wakiingia 120 wakatoka 74, hao 46 wamekwenda wapi? Wamekaririshwa, wameambiwa wahame, au wamesajiliwa kituo kingine ili wasichafue wastani. Shule ya namna hiyo haifundishi, inachuja. Na mwanao anaweza kuwa ndiye makapi.

Lakini matokeo ni ya mchana. Usiku ndio unaoua.

Mwaka 2001 Kyanguli, Kenya, moto uliua wanafunzi 67. Mwaka 2023 Mahdia, Guyana, watoto 20. Mabara mawili tofauti, habari ileile: mlango umefungwa, dirisha lina nondo. Na bado leo kuna matroni anafunga bweni kwa kufuli la nje saa nne usiku, funguo anakwenda kulala nazo nyumba ya tatu, na ukihoji unaambiwa ni "usalama wa watoto". Usalama gani huo?

Ukifika bwenini, hesabu milango. Inatakiwa miwili, kila mmoja upande wake, na yote ifunguke kwenda nje. Mlango unaofunguka kwenda ndani watoto wakiusukumia kwa hofu unajibana wenyewe, haufunguki tena. Uliza kufuli liko wapi usiku. Jibu sahihi ni kwamba hakuna kufuli, kuna komeo la ndani ambalo mtoto mdogo kuliko wote analifungua gizani. Dirisha likiwa na grili, angalau moja liwe na bawaba za kufungua kwa ndani. Magodoro ya sponji yakishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, moshi hupanda juu, kwa hiyo wa deka ya juu ndiye anauvuta kwanza. Sasa wewe mwenye shule uliyeweka vitanda vya deka tatu ulikuwa unahesabu vichwa au ada?

Mtungi wa kuzimia moto usiutazame rangi. Tazama mshale wa geji kama uko kwenye kijani, pini kama ipo, na kadi inasema ulikaguliwa lini. Halafu uliza swali ambalo wengi watapata nalo kigugumizi: orodha ya nani analala kitanda gani iko wapi? Ikibandikwa ndani ya bweni tu, itaungua pamoja na bweni, na hakuna atakayejua nani hajatoka.

Maji na vyoo ni hesabu ya darasa la tano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataja lita 20 kwa mtu kwa siku shule ya bweni, choo kimoja kwa wasichana 25, na kwa wavulana choo kimoja na sehemu moja ya haja ndogo kwa kila 50. Watoto 400 ni lita 8,000 kwa siku. Tangi la lita 10,000 wanalolipigia picha halifiki siku mbili. Wasichana 200 ni matundu manane, na ninasema yanayofanya kazi, siyo lile la kuwekea mafagio. Komeo kwa ndani lipo? Taa usiku ipo? Pa kutupa pedi pako wapi?

Kisha ugonjwa. Saa nane usiku mtoto ana homa kali: nani anaamka, gari la nani, dereva analala wapi, hela ya hospitali anayo nani? Wakijibu "tunampigia mzazi", maana yake hawana mpango. Inhela ya mtoto wa pumu wanaifungia kabatini kwa mwalimu wa afya. Shambulio la pumu halisubiri funguo, inhela ikae na mtoto mwenyewe.

Upele nao msidanganywe. Aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki mbili mpaka sita ndipo aanze kujikuna, na muda wote huo anawagawia wenzake. Kumrudisha mmoja nyumbani akatibiwe ni kupoteza dawa, akirudi anaukuta uleule. Anatibiwa kila anayelala chumba hicho, wote siku ileile, na mashuka na nguo zinafuliwa kwa maji ya moto siku hiyohiyo.

Na kama mna muda wa swali moja tu, ulizeni: anayekojoa kitandani mnamfanyaje? Shule inayomtembeza na godoro lake mbele ya wenzake imeshajibu maswali yenu mengine yote.

Mwisho ile fomu. "Ada hairudishwi kwa hali yoyote." "Mzazi amekubali adhabu yoyote itakayotolewa." Nani anasaini kitu kama hiki? Kateni kwa kalamu, andikeni pembeni, muone watasema nini.

---

Jibu la 1:
Mkuu umepiga mle mle, ila niongeze upande wa pili kwa sisi tunaosimamia mabweni. Bweni ambalo mzazi yeyote anaingia anavyotaka ni hatari kuliko lililofungwa. Mgeni asaini kitabu, apelekwe na mfanyakazi, na aingie watoto wakiwa darasani. Akikataliwa hata hivyo, hapo ndipo alalamike. Na ninyi wazazi acheni kuficha. Fomu ya afya unaandika "hana tatizo", mtoto ana kifafa au seli mundu, unaogopa atanyimwa nafasi. Akianguka usiku matroni anadhani ni mapepo.

Jibu la 2 (mwanzisha uzi):
Hilo la kuficha sibishani nawe ndugu yangu. Lakini wanaficha kwa sababu kuna shule zikiona neno "kifafa" nafasi inajaa ghafla. Na wewe uliye ndani tusaidie hili: mtoto akionewa na kiranja, anamwambia nani? Simu ya kwenda nyumbani anapigia ofisini, mwalimu amesimama pembeni anasikiliza. Barua inafunguliwa. Siku ya kutembelea wazazi kiranja huyohuyo ndiye anapanga viti. Kwenye bweni lenu, mtoto anapata wapi dakika tano za kuongea na mzazi wake bila sikio la tatu?

Jibu la 3:
Swali la mwanzisha uzi lijibiwe kwanza kabla ya kuhamia kwenye ada. Na pale kwenye viranja ongezeni: wa kidato cha kwanza wanalala chumba kimoja na wa mwisho? Kama ndiyo, huyo mdogo nguo za nani anafua?