Aliyevuta herufi za Rockwell mpaka TANGA ikawa magodoro matano, ajitokeze hapa!

Wakuu, mnamjua, simtaji. Lile bango la mita sita la kuingilia Ngamiani limepandishwa jana. Jamaa kachukua Rockwell nene, kashika ubavu, kavuta mpaka ikajaa. Alipoulizwa mbona kaharibu nyayo, vile vijistari vya kufungia ncha za herufi, kajibu: "Kwani watu wanasoma nyayo?"

Nyayo! Herufi hiyo yote ni nyayo! Kampuni ya Monotype ilipoitoa mwaka 1934, mistari ya wima na ya mlalo ilikaribiana unene, na nyayo zake ni za mraba, nene vilevile. Ukivuta upana kufika asilimia 150, nguzo za wima zinanenepa mara moja na nusu, nyayo zinarefuka tu bila kunenepa. Herufi imevimba tumbo, miguu ya kuku! Bango halijajaa? Kuza kwa kona, au achanisha herufi.

Halafu kabana nafasi. A kubwa ya Rockwell ina kofia kileleni, na kofia imegonga mkono wa T. Jina la mji wetu! Juu yake kazungushia mstari mweusi, matumbo ya a ndogo yote yamezibika, na Kiswahili bila a kinabaki nini? "Kwani watu wanasoma nyayo?" Nimekosa usingizi miaka mia.

Pweza Mkavu: Mleta uzi unalia kama umerudishiwa posa. Ila T na A kweli, jozi hiyo inafunguliwa kwa mkono. Sogeza A mpaka uone mwanga katikati.

Bi Chaza: Afadhali bango. Kuna mwenzake kapanga tangazo la msiba, aya nne, zote herufi kubwa nene. Nene ni ya kichwa, maneno matatu manne. Aya wape nyembamba, wazee wasome.

Mleta uzi: Sawa dada, lakini KWANI WATU WANASOMA NYAYO?!

Mkunazi: Tumeshasikia, kunywa maji. Flana za timu je? Kachapa a za nusu sentimita kwa skrini, kile kitambaa cha kupitishia wino, ya matundu makubwa. Wino umemwagika, kila a ni dongo. Herufi nene ikiwa ndogo inataka kitambaa cha matundu madogo, au uikuze.

Fundi Stika: Nyie mna raha. Bajaji imepakwa rangi jana, leo mtu anataka stika. Mvuke wa rangi unatoka chini, mapovu kesho yake, lawama kwa fundi! Iache ikauke kabisa. Na hapa pwani osha chumvi kwanza kwa maji ya sabuni, kausha, ndipo ufute kwa spiriti.

Mkunazi: Nyayo za herufi nene ndizo zinaanza kubanduka, kona nyingi.

Fundi Stika: Zungusha kona kidogo kabla ya kukata kwa plota, ile mashine ya kukatia stika, zinashika.

Bi Chaza: Spiriti gani hiyo, wakati wanaichakachua? Ukifuta inaacha utando.

Pweza Mkavu: Hapo umegusa kidonda. Chupa nzima maji! Anayejua duka lenye halisi, Chumbageni au Barabara ya Kumi na Mbili, aseme.