Betri ya moyo ya baba inatakiwa kusasishwa: akubali au akatae?

Muulizaji
Baba yangu amewekewa betri ya moyo, yaani kifaa kidogo cha kuuchochea moyo upige, kutokana na ugonjwa wa kurithi ambao madaktari huuita QT ndefu: QT ni muda ambao umeme wa moyo huchukua kujirudisha sawa kila pigo, na ukirefuka mapigo yanaweza kuvurugika. Sasa ameitwa kliniki ili programu iliyomo ndani ya kifaa isasishwe, kwa maelezo kwamba ina mwanya ambao mdukuzi anaweza kuupitia. Sisi watoto nasi tumeshauriwa kupima vinasaba. Kaka anapinga yote mawili: anasema betri inayofanya kazi haichokonolewi, na siri ya vinasaba ikishavuja hairudi. Naomba kuelezwa hatari halisi iko wapi.

Fundi wa vifaa tiba
Mwanya si jambo la kubuni, ingawa hutiwa chumvi. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walionyesha maabarani kwamba kifaa cha kushtua moyo kingeweza kuamriwa kwa mawimbi ya redio, tena wakiwa sentimita chache tu kutoka kilipo. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilitangaza sasisho kwa betri zipatazo 465,000 za kampuni ya Abbott, na hadi siku hiyo hakukuwa na taarifa ya mgonjwa aliyedhuriwa na mdukuzi. Hakuna kupasuliwa: kichwa cha mashine huwekwa kifuani, na kwa muda wa dakika tatu hivi betri hupiga mapigo 67 kwa dakika mpaka programu mpya ikae. Uwezekano wa kifaa kuzimika kabisa ulikadiriwa kuwa asilimia 0.003, sawa na watu 14 hivi kati ya wote hao. Kwa hiyo muulizeni daktari kama moyo wa mzee unaitegemea betri kwa kila pigo, kwa maana mgonjwa wa namna hiyo ni vyema asasishiwe mahali penye betri ya muda ya nje.

Mshauri wa vinasaba
Kaka yako ana hoja, ila ameielekeza pasipo pake. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia katika akaunti zipatazo 14,000 za 23andMe, kampuni inayowapimia watu vinasaba kwa mate yanayotumwa kutoka nyumbani, kwa kutumia nywila zilizokwisha kuvuja kwingine, na kupitia huduma ya kutafutiana ndugu wakafikia taarifa za watu milioni 6.9. Kipimo cha hospitali hakiwekwi hadharani kwa ndugu wasiojuana. Baba apimwe kwanza. Hitilafu ikionekana kwake, mathalani katika jeni ya KCNQ1, kila mtoto hutafutiwa hiyo moja tu, na uwezekano wa kuirithi kwa kawaida ni nusu kwa nusu. Aliye nayo huepushwa na dawa zinazoirefusha QT, ikiwamo erithromaisini ambayo watu huimeza kwa kikohozi bila kuwaza moyo.

Muuguzi
Watoto wapimwe pia umeme wa moyo (ECG), ambao huchorwa kama mstari kwenye karatasi, lakini msitulizwe na karatasi safi: wapo wenye hitilafu ya jeni ambao mstari wao huonekana wa kawaida kabisa.

Muulizaji
Nawashukuru. Kaka amekubali baba asasishiwe, kwa sharti kwamba betri ya nje iwepo chumbani humo. Kuhusu vinasaba bado anabisha, ila jana aliniuliza jina la ile dawa ya kikohozi.