Kavunjwa paja, bima wanamuuliza helmeti iko wapi! Huu si uonevu ni nini?

Wakuu, heshima mbele. Uzi ni mrefu na nimeuandika kwa hasira, asiyependa makelele apite tu.

Baba yangu mdogo ni mlinzi wa usiku kwenye magodauni ya Barabara ya Nyerere. Anakaa Gongo la Mboto, na miaka nenda rudi anakwenda lindo na kurudi kwa baiskeli yake ya Phoenix. Siku ya tukio alikuwa anarudi alfajiri, kabana kushoto kabisa, koti la kazi lenye mistari inayong'aa, taa nyekundu inawaka nyuma ya keria. Kirikuu, yale magari madogo ya mizigo, ikampitia kwa nyuma. Kioo cha pembeni kikanasa usukani, mzee akaangukia upande wa lami, tairi la nyuma likapanda paja. Rimu ya baiskeli imejikunja kama namba nane, tunayo hapa nyumbani. Mfupa wa paja ulikatika, sasa hivi anatembea na chuma ndani. Kichwani? Hana hata mchubuko. Narudia kwa walio nyuma: kichwani hana hata mchubuko.

Dereva hakukimbia, hilo namshukuru. Alimpakia mwenyewe, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, ikatolewa, trafiki wakapima, jamaa akakubali kosa bila longolongo. Gari lina bima ya mtu wa tatu, na ilikuwa hai. Tukasema afadhali, kilichobaki ni kupeleka makaratasi. Kumbe ndiyo kwanza mambo yanaanza.

Kampuni ya bima siitaji, sitaki kesi juu ya kesi. Kijana wa kitengo cha madai akafungua faili, akasoma ripoti ya daktari, akainua ile eksirei juu kwenye mwanga wa dirisha akaitazama weee, mfupa umekatika anauona, kisha swali lake la kwanza kabisa likawa hili: "Mzee wangu, siku hiyo ulikuwa umevaa helmeti?"

Baba mdogo alidhani hakusikia vizuri. Akamjibu kwa upole tu, "Mwanangu, paja linavalishwa helmeti gani?"

Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Kijana hakucheka, aliandika. Barua iliyokuja baadaye inasema mdai alichangia madhara yaliyompata kwa kutotumia vifaa vya kujikinga, hivyo fidia itapunguzwa. Vifaa gani, vya kiungo gani, barua haisemi.

Sasa tuongee kiutu uzima. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwendesha pikipiki avae helmeti. Mwendesha baiskeli haimlazimishi. Ni hiari yake. Sasa kitu ambacho sheria imeniachia nichague mwenyewe, kampuni binafsi inapata wapi ubavu wa kunikata fedha kwa sababu nimechagua? Na inamkata nani? Aliyegongwa. Aliyelipa ile bima ni mwenye gari, na aliilipa mahsusi kwa ajili ya siku ambayo gari lake litamdhuru mtu.

Na msiniambie ndivyo dunia inavyokwenda, maana nimekesha nasoma. Ujerumani kuna mwanamke alikuwa anakwenda kazini kwa baiskeli mwaka 2011, mwenye gari lililoegeshwa akafungua mlango ghafla mbele yake. Akaanguka akavunjika fuvu. Fuvu, siyo paja! Mahakama ya Schleswig ikamkata asilimia 20 kwa kutovaa helmeti. Mwanamke hakukubali, akapanda mpaka mahakama ya juu ya shirikisho, na Juni 2014 ile mahakama ikafuta makato yote. Sababu zao zinaeleweka hata na mtoto: sheria haikumlazimisha kuvaa, na wakati ule watu wa kawaida pale kwao hawakuwa na desturi ya kuvaa wakienda kwenye shughuli zao.

Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zimetokea, kuna kesi ya Smith dhidi ya Finch ya mwaka 2009. Jaji pale alikuwa mkali zaidi, alisema asiyevaa anaweza kuhesabiwa kuwa amechangia kuumia kwake. Lakini akaweka sharti: anayetaka kumpunguzia mtu fidia athibitishe kwamba helmeti ingeleta tofauti kwenye jeraha lile lile alilopata. Upande wa pili ukashindwa kuthibitisha, mdai hakukatwa kitu. Kwa hiyo hata kwa jaji asiyewaonea huruma wasiovaa, baba mdogo anashinda asubuhi mapema. Leteni mtaalamu yeyote aje aniambie plastiki ya kichwani inazuiaje tairi la kirikuu lisipande paja.

Kilichoniuma zaidi hata siyo ile barua. Ni grupu letu la familia. Nimeweka barua pale nikitegemea watu wachachamae, shangazi mmoja akaandika "lakini na yeye naye angevaa tu jamani", zikafuata dole gumba sita. Mtu amegongwa kwa nyuma, yuko upande wake, taa inawaka, na ndugu zake wa damu wanamtafutia kosa! Hakuna hata mmoja aliyeuliza dereva alikuwa anafanya nini mpaka asione taa nyekundu na koti linalong'aa kwenye barabara iliyonyooka.

Naomba tusielewane vibaya. Helmeti inasaidia, na hilo silibishii. Ukianguka mwenyewe, umeteleza kwenye mchanga au tairi limezama shimoni, kichwa kikapiga lami, ile povu ngumu ya ndani inabonyea badala ya fuvu. Tafiti zilizokusanywa nchi mbalimbali zinaonyesha majeraha makubwa ya kichwa yanapungua sana kwa wanaovaa. Mimi mwenyewe ninayo na navaa. Ila kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 1078 huiangusha helmeti kutoka kama mita moja na nusu, mwendo wake ni kama kilomita 20 kwa saa. Imetengenezwa kwa ajili ya kuanguka. Ukichezewa na lori, hiyo ni habari nyingine. Na ikishapigwa mara moja imekwisha kazi, povu halirudi. Halafu nenda soko la Karume uone zinazouzwa mtumba: nyingine ukiiminya tu unasikia imepasuka ndani. Hiyo ndiyo mnataka mzee ajikinge nayo?

Wapo wanaosema tuige wazungu. Wazungu wa wapi? Uholanzi baiskeli ni nyingi kuliko watu, na ukikuta mtu mzima kavaa helmeti kwenda sokoni, huenda ni mgeni. Walichofanya wale ni kutenga njia, wakapunguza mwendo wa magari mitaani, na kwenye sheria yao ya barabarani wakaweka kifungu cha 185: gari likimgonga mwendesha baiskeli, mzigo wa kujitetea unabebwa na mwenye gari. Hata mwendesha baiskeli akiwa na makosa yake, kwa kawaida analipwa nusu au zaidi ya nusu, na mtoto wa chini ya miaka 14 analipwa yote. Hebu linganisha na ile barua yetu.

Sisi njia za baiskeli tulizonazo tunazifanyia nini? Zile za pembeni ya njia ya mabasi ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro, pita Manzese jioni uone. Viatu vya mtumba vimepangwa kwenye turubai, mama ana jiko la chipsi, bodaboda wameegesha kiubavu wanasubiri abiria. Ukipiga kengele unaulizwa "unakwenda wapi na wewe?" Ukishuka kwenye lami, daladala inakusukuma kwenye mtaro. Na hapo ni barabara yenye njia! Pugu huku hatuna hata huo mstari wa rangi.

Kuna mjumbe humu aliwahi kuandika kwamba itungwe sheria, kila mwenye baiskeli avae, asiyevaa apigwe faini. Mkuu, unawajua wenye baiskeli wa Dar? Ni yule anayeshuka kutoka Kisarawe na magunia ya mkaa, anasukuma kwenye kila mlima, jasho linamtiririka mpaka kwenye kandambili. Ni muuza maziwa. Ni fundi bomba na mfuko wa spana kwenye keria. Kwa bei ya helmeti ya maana mtu huyo anabadilisha matairi yote mawili na mipira yake, tena matairi ndiyo yanayomwangusha. Faini hiyo hataiona mwenye baiskeli ya mamilioni anayezunguka Masaki Jumamosi, maana yeye anayo tayari. Ataiona muuza mkaa, na ataimalizia pale pale barabarani kwa njia mnayoijua.

Marekani wameshapitia hayo. Kaunti ya King, ambako ndiko lilipo jiji la Seattle, walikuwa na sheria ya kulazimisha helmeti. Walipofuatilia nani anaandikiwa faini, wakakuta watu wasio na makazi na watu weusi wanabebeshwa kuliko wengine. Februari 2022 wakaifuta. Hawakusema helmeti ni mbaya, waliendelea kuwahimiza watu wavae. Walichoondoa ni rungu.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, nipigeni mawe: mtu mzima avae au asivae, kichwa ni chake. Akiamua kutovaa akateleza mwenyewe, hasara yake. Lakini hiari yake isigeuzwe kichaka cha kujifichia aliyemgonga na anayetakiwa kulipa.

Wanasheria wa humu, njooni mnisaidie. Tumeshaandika barua ya kupinga tukataka watuambie ni kifungu gani kimewapa haki ya kukata, hawajajibu. Tuanzie TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au twende moja kwa moja kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima? Na tukishapokea hicho kilichopunguzwa, tutakuwa tumejifunga? Mzee anasema achukue tu yaishe, kodi ya nyumba inadaiwa. Mimi namzuia, na kila siku nikimzuia naona aibu kwa sababu kodi silipi mimi.

NYONGEZA: Naona mmeanza.

Anayesema "mbona bodaboda wanalazimishwa": pikipiki inakimbia 80, Phoenix ya baba mdogo ikishuka mlima na upepo nyuma ikifika 25 inalia mwili mzima. Na abiria wa bodaboda hana usemi juu ya usukani. Haya mambo hayafanani.

Dada aliyeuliza kuhusu watoto: hapo niko upande wako. Mtoto hachagui, mzazi ndiye anayemchagulia, na mimi wangu hagusi baiskeli bila helmeti.

Na wewe kaka uliyeniita mshamba ukaweka na picha yako uko Coco Beach na helmeti: umeivaa kisogoni kama baraghashia na mkanda unaning'inia. Ishushe mbele, ibaki nafasi ya vidole viwili juu ya nyusi, ukaze mkanda chini ya kidevu, ndipo urudi tubishane.