Mzee anasema "mwaka ule Gor ilichukua kombe". Ni mwaka gani huo?

Jua la Kondele

Wadau, habari za jioni. Tawi letu la mashabiki hapa Kisumu linakusanya kumbukumbu za wakongwe kuhusu mechi ya kwanza waliyoenda kuiona uwanjani. Tunataka kijitabu chembamba, kurasa 40 hivi, na sauti zao zihifadhiwe. Hadi sasa tuna watu 11: wengi ni wa klabu ya Gor Mahia, watatu wa Ingwe (AFC Leopards), mmoja wa Shabana.

Kinachotusumbua ni tarehe. Mmoja anatuambia tu "ilikuwa mwaka ule Gor ilichukua kombe". Mwingine anataja mabao matatu na waliofunga, ila hajui kama alikuwa darasa la pili au la sita. Wazee wawili walienda pamoja, wakakaa pamoja, na kila mmoja ana matokeo yake. Hatutaki kuchapisha uongo, wala hatutaki kumwambia mzee wa miaka 78 kwamba amesahau. Tuulize nini, na tukahakikishe wapi?

Karani wa Matokeo

Tuanze na hilo kombe. Kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati Gor walilibeba 1980, 1981 na 1985. Ligi walishinda 1983, 1984 na 1985 mfululizo, na nyingine kabla na baada ya hapo. Halafu kuna Kombe la Washindi Afrika la 1987. Na msisahau 1979: walifika fainali hiyo hiyo, wakafungwa na Canon Yaoundé 2-0 Nairobi na 6-0 kule Kamerun. Kuna wakongwe wanaochanganya safari hizo mbili, wakabaki na ushindi wa 1987 juu ya mchezo wa 1979.

Kipimo cha haraka kwa 1987: Gor na Esperance walitoka sare mara zote mbili, 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi, kombe likaamuliwa kwa mabao ya ugenini. Anayesema "tuliwapiga mbili moja" amechanganya hisia na ubao wa matokeo. Si uongo, kwa sababu shangwe aliyoiona ilikuwa ya ushindi.

Kosa kubwa mnalofanya, nadhani, ni kuuliza mwaka mwanzoni. Mtu akishatamka "1976", kila kitu atakachokumbuka baadaye kitajipanga kuifuata hiyo 1976. Mwaka uulizwe mwisho kabisa. Matokeo yaulizwe kabla yake kidogo, maana ndiyo kumbukumbu dhaifu kuliko zote: mtu ameyasikia tena redioni, gazetini, kilabuni, miaka 40, na kila mara yanasogea. Anzeni na vitu ambavyo hakuna aliyevirudia kumsimulia. Nani alimshika mkono? Walitoka nyumbani saa ngapi, kwa gari gani? Kiingilio kililipwa kwa noti au sarafu? Jua lilikuwa linampiga usoni au mgongoni?

Hilo la jua si mzaha. Mechi ya saa kumi jioni jua liko magharibi. Aliyekunja uso muda wote alikaa upande wa mashariki, na hapo ndipo watu wa kiingilio cha chini hukaa kwenye viwanja vingi, kwa sababu jukwaa la wakubwa hujengwa likilipa jua mgongo. Anayedai alikaa jukwaa kuu na jua likamchoma macho, muulizeni tena taratibu.

Fedha nayo husema. Shilingi 10 ilikuwa noti hadi sarafu ya rangi mbili ilipotoka 1994. Ile ya 20 ikafuata 1998. Ila mwe na masikio: mzee akisema "pauni" anamaanisha shilingi 20, si pauni ya Mwingereza. Karani kijana ataandika upuuzi.

Isukuti wa Lurambi

Karani kasema vyema, lakini naongeza majina, kwa sababu hapa ndipo watu huanguka.

Ingwe ilianza 1964 kama Abaluhya. Jina la AFC Leopards likaja karibu 1980, serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila. Wakati huo huo Luo Union ikawa Re-Union, na Gor Mahia ikajaribiwa kuitwa Gulf Olympic Rangers, ambalo hakuna shabiki aliyelitia kinywani. Sasa tazameni mtego. Jina jipya halithibitishi chochote, kwa sababu mzee anaweza kusema "Leopards" akizungumzia 1971. Ndilo analotumia leo. Jina la zamani lina uzito zaidi, lakini nalo si la kukata shauri, kwani wengine waliendelea kusema "Abaluhya" miaka mingi baada ya kubadilishwa. "Re-Union" ndilo zuri: halikuwapo kabla ya mabadiliko hayo, na shabiki wa kawaida halitumii kuizungumzia Luo Union ya miaka ya sitini.

Viwanja vivyo hivyo. Nyayo ulifunguliwa 1983, Kasarani ukawa tayari kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Uwanja wowote unaoitwa Moi hauwezi kuwa na jina hilo kabla Daniel arap Moi hajawa rais 1978, hata kama nyasi zenyewe ni za zamani. Na mkiambiwa "Mamboleo", hapo Kisumu, ulizeni ni maonyesho ya kilimo au mpira, kwa sababu uwanja mkubwa wa Jomo Kenyatta ulitumika kwa sikukuu ya Madaraka ya 2021, na kabla yake hapo palijulikana kwa maonyesho.

La mwisho, na naona ndilo hamjaliuliza: je, mtu huyo alikuwa uwanjani kweli, au ni redio? Sisemi kwa dharau. Mtangazaji kama Leonard Mambo Mbotela alikuwa anakuchorea mchezo hadi ukaona vumbi. Baada ya miaka 50 akili haiweki alama kwamba picha hii ilitoka kwa macho na ile kwa masikio. Kumbukumbu ya redio huwa na majina mengi ya wachezaji na mwendo wa mpira, lakini haina harufu, haina bei ya njugu, haina mtu mrefu aliyekuziba mbele. Ya uwanjani ni kinyume: mtoto wa miaka 8 haoni bao, anaona migongo. Yule wenu mwenye mabao matatu na wafungaji kamili, mimi ningeanza kumtilia shaka yeye.

Kama atasema aliisikia KBC, redio ya taifa, ni baada ya 1989. Kabla ya hapo ilikuwa Sauti ya Kenya.

Karani wa Matokeo

Isukuti, hapo mwisho ongeza kitu. Sauti ya Kenya ilianza 1964. Kabla yake shirika liliitwa KBC vilevile. Kwa mzee wa miaka 78 herufi hizo zinaweza kuwa za 1962 au za 1992.

Na sheria za mchezo ni saa nzuri kuliko majina. Kadi za njano na nyekundu zilianza Kombe la Dunia la 1970, kwa hiyo kadi nyekundu katika mechi ya 1966 imepakwa rangi baadaye. Kipa kudaka kwa mikono pasi aliyorudishiwa na beki kwa mguu kulipigwa marufuku 1992. Huyo beki akirudisha, kipa akidaka, akidundadunda, watu wakizomea: hiyo ni kabla. Watu hukumbuka sana jambo hili kwa sababu liliwaudhi.

Afraha Jioni

Nipo Nakuru, nitazungumzia karatasi.

Msianze na intaneti. Tovuti ya RSSSF, ya takwimu za soka, ina mabingwa na misimamo ya ligi yetu, lakini matokeo ya mechi moja moja ya zamani ni machache. Itumieni kupunguza miaka, kisha nendeni magazetini: Daily Nation na Taifa Leo kuanzia 1960, na East African Standard, ambalo ni la tangu 1902. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, na maktaba ya McMillan ndipo pa kuanzia. Ombeni kwa jina la gazeti na mwezi. Ukisema "mpira wa miaka ya sabini" utarudishwa.

Mechi ya wikendi iko gazeti la Jumatatu, kurasa za nyuma. Ikikosekana, tazama Jumanne. Ratiba iliyochapishwa Ijumaa au Jumamosi si ushahidi kwamba mechi ilichezwa. Zilikuwa zinaahirishwa kwa mvua, kwa rufaa, kwa timu kutofika. Andika tarehe ya gazeti na ukurasa papo hapo, na upige picha ukurasa mzima, si habari peke yake, kwa sababu baadaye utahitaji kichwa cha ukurasa kuonyesha siku.

Hakikisheni siku ya wiki pia. Kalenda ya simu inarudi nyuma hadi huko. Mtu akisema jaribio la mapinduzi lilikuwa jana yake, basi mechi ilikuwa Jumatatu, kwa sababu 1 Agosti 1982 ilikuwa Jumapili. Jumatatu ile hakuna aliyekuwa akicheza mpira. Matukio kama hilo, au kifo cha Mzee Kenyatta tarehe 22 Agosti 1978, huwavuta wakongwe kama sumaku: kila kitu "kilikuwa wiki ile".

Kwa mashabiki wa huku kwetu kuna tatizo la jina kurudi. Nakuru AllStars walichukua ubingwa wa kwanza wa taifa 1963, halafu jina hilo likaonekana tena ligi kuu miaka ya 2010. Ulinzi Stars nao walichukua ligi 2003, 2004, 2005 na 2010; walikuwa watu wa Afraha, uwanja wa huku Nakuru, sasa wako Nairobi. Kwa shabiki wenu wa Shabana: walishuka 2006, wakarudi ligi kuu 2023. Akisema aliwaona mara ya kwanza katikati ya miaka hiyo 17, ilikuwa daraja la chini, na magazeti ya kitaifa hayatakusaidia sana.

Jua la Kondele

Asanteni sana, wakuu. Nijaribu na mmoja. Kuna mama wa Nyalenda, miaka hamsini na kitu. Anasema walipanda treni ya usiku na mjomba wake hadi Nairobi, uwanja ulikuwa "bado unanuka rangi", alikuwa akijiandaa kwa CPE (mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi), Re-Union walikuwa pia kwenye ligi, na Gor "ikachukua kombe". Matokeo hajui kabisa.

Karani wa Matokeo

Huyo ndiye shahidi wenu bora, na kutojua matokeo ni sehemu ya ubora wake. Uwanja mpya Nairobi: Nyayo 1983 au Kasarani 1987. CPE ya mwisho ilifanywa 1983, na KCPE iliyochukua nafasi yake ikaanza 1985, kwa hiyo CPE inaiondoa Kasarani. Mnabaki na 1983, na Gor walichukua ligi mwaka huo. Harufu ya rangi nayo inaelekea hapo hapo. "Kombe" kwake ni ligi. Mna msimu mmoja wa magazeti wa kupekua badala ya ishirini. Muulizeni kitu kimoja zaidi: mwaka uliofuata alikuwa darasa gani? Na msimtajie 1983.

Isukuti wa Lurambi

Kuhusu kurekodi, kwa vile mmeshaanza na huenda mnaharibu bila kujua:

Msiwakalishe wazee wawili pamoja mara ya kwanza. Mwenye sauti kubwa atashinda, na wiki ijayo yule mpole atasimulia mechi ya mwenzake akiamini ni yake. Kila mmoja peke yake, dakika 40 zinatosha, kisha ndipo muwakutanishe wabishane. Ubishi nao urekodiwe, una utamu wake.

Simu ikae juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni, laini zikiwa zimezimwa. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia katikati ya sentensi umeipoteza. Zimeni feni, najua Kisumu ni joto. Nyumba ya mabati msirekodi alasiri ya Aprili. Mwacheni aseme Dholuo, Lulogooli, Ekegusii, lugha aliyoimbia uwanjani, tafsiri itafuata. Dakika ya kwanza ataje jina lake, tarehe ya leo na kwamba amekubali itunzwe. Nakala mbili, moja isiwe kwenye simu hiyo hiyo.

Jua la Kondele

Na wale wawili wanaotofautiana? Gazeti tumelipata, na wote wawili wamekosea.

Afraha Jioni

Chapisheni maneno yao kama walivyoyasema, kila mmoja na lake. Chini yake, herufi ndogo, jina la gazeti, tarehe, ukurasa na matokeo. Msiandike "mzee alikosea". Kabla ya kuchapa, wapelekeeni nakala ya ukurasa huo wa gazeti nyumbani. Mkae kimya, simu ikiwa inarekodi.

Isukuti wa Lurambi

Nami nasubiri kusikia watakavyolisingizia gazeti.