Factorio: taa inawaka ilhali sanduku ni tupu

Swali: Ndugu wachezaji wa Factorio, mchezo wa kompyuta wa kujenga viwanda, nimeunganisha taa na sanduku la mabamba ya chuma na ya shaba kwa waya nyekundu, nikaweka sharti la nyota nyekundu (alama inayowekwa mahali pa jina la bidhaa) kuzidi 100, ili taa iwake pale tu bidhaa zote zinapokuwa za kutosha. Ajabu ni kwamba huwaka hata sanduku likiwa tupu. Tena nyota ziko tatu, nami naziona zikitofautiana kwa rangi tu.

Jibu la 1: Nyota nyekundu humaanisha kila ishara iliyopo (yaani kila bidhaa na idadi yake inayopitishwa na waya), ya kijani walau moja, na ya njano, inayotumika ndani ya vikokotoo (vifaa vya kuchakata ishara), hushughulikia kila ishara peke yake. Bidhaa yenye idadi ya sifuri haihesabiwi kuwa ishara; kwa hiyo sanduku tupu halina cha kuvunja sharti lako, nalo huchukuliwa kuwa limetimia. (Hata shaba ikiisha peke yake, chuma kitatosha kuiwasha taa.)

Jibu la 2: Achana na nyota. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2024, kikokotoo cha uamuzi, kile kinachopima masharti, hupokea masharti kadhaa kwa pamoja, basi taja chuma kuzidi 100 na shaba kuzidi 100, kwa kuwa bidhaa iliyotajwa husomwa kuwa 0 inapokosekana.

Muulizaji: Nimejaribu, na taa imezimika. Ahsanteni.